Canon Apolo Kivebulaya: Mwalimu wa Namirembe Aliyevuka Semliki



Kila mwaka tarehe 30 Mei, Waanglikana wa Uganda na wa Kongo humkumbuka Canon Apolo Kivebulaya, aliyefariki siku hiyo mwaka 1933. Kamati ya Jamii imeomba maisha yake yaandikwe katika toleo hili la kumbukumbu kwa sababu mbili. Kwanza, wengi kambini mwetu wametoka Ituri na wamelelewa katika kanisa alilolianzisha mzee huyo, lakini watoto waliozaliwa hapa wanalijua jina lake tu. Pili, katika vikao vya karibuni habari ya mahubiri imeleta maneno. Wapo waliolalamikia vipaza sauti vya usiku. Wapo waliosema kuwa mgonjwa hutembelewa vizuri zaidi akiwa wa dhehebu la anayemtembelea. Na mfanyakazi mmoja wa shirika aliuliza kama ni halali mtu kugawa sabuni kwa mkono mmoja na vijikaratasi vya dini kwa mkono wa pili. Kamati haikutoa hukumu. Imeona afadhali kwanza tusome habari za mtu mmoja aliyeifanya kazi hiyo ya kuhubiri kwa miaka karibu 40, tena katika nchi isiyokuwa yake, mahali ambapo hakuna aliyemwita.

Wengi wetu tumefika Kampala kufuata karatasi katika ofisi za Old Kampala. Ukiwa hapo juu, unatazamana na kilima cha Namirembe, na kanisa kuu la matofali lenye kuba. Kilima cha Rubaga cha Wakatoliki kinaonekana pia, na hapo hapo Old Kampala upo msikiti mkubwa uliofunguliwa mwaka 2007, mahali alipojenga ngome yake Kapteni Lugard mwaka 1890. Vilima hivi vinakaa kwa amani leo. Wakati Apolo alipokuwa kijana havikuwa hivyo, na bila kujua hilo huwezi kumwelewa.

Kijana Waswa

Alizaliwa Buganda, katika Singo, mnamo mwaka 1864. Alikuwa pacha, ndiyo maana akaitwa Waswa, na mwenzake Kato, kama ilivyo desturi ya Waganda. Akiwa mdogo alipelekwa kujifunza kwa mganga wa mizimu. Hakukaa sana, kwa kuwa alianza kuona jinsi mambo mengine yalivyopangwa nyuma ya pazia ili watu waogope na kulipa. Baadaye alifika kwenye mafundisho ya Alexander Mackay, yule fundi Mskochi wa misheni aliyekaa Nateete, mwenye karakana na mashine ya kupiga chapa. Kwa sisi wasemaji wa Kiswahili inafaa kujua kwamba wanafunzi wa kwanza wa Buganda walianza kusoma kwa Kiswahili, kwa vitabu vilivyoletwa kutoka pwani, kabla Kiganda hakijapata maandiko yake. Mtu aliyeshika dini aliitwa msomaji. Kusoma na kusali vilikuwa neno moja.

Lakini Waswa hakuwa Mkristo wakati huo. Mafundisho ya Mackay yalimkaa moyoni, naye akaendelea na njia nyingine. Alikuwa Mwislamu, na katika vita vya dini vilivyoanza mwaka 1888, Kabaka Mwanga alipoondolewa kitini, alichukua silaha upande huo. Mwaka huo huo Wakristo walifukuzwa mji mkuu, wakakimbilia Ankole na wake zao na watoto wao, wakaishi ugenini kwa huruma ya mfalme wa huko. Naam, ndugu zangu, Kanisa la Uganda nalo limewahi kuwa mkimbizi. Katika miaka hiyo ya mchafuko Waswa akahama, akaenda upande wa Wakristo. Na mambo hayakutulia hata baada ya Wakristo kushinda, kwa maana Januari 1892 wao kwa wao, Waprotestanti na Wakatoliki, walipigana pale Mengo na kuchomeana nyumba. Nayaandika haya bila furaha. Nayaandika ili isionekane kwamba mtu huyu alitoka katika bustani ya amani. Alitoka katika mji ambapo dini ilibebwa na bunduki, naye mwenyewe alikuwa mmoja wa waliobeba.

Mwaka 1891 alikuwemo katika msafara wa Lugard uliokwenda Toro na kumrudisha Kasagama katika kiti cha baba zake. Basi mara ya kwanza Apolo kuuona mlima Ruwenzori, alikuwa askari. Jina lenyewe Kivebulaya ni la siku hizo za uaskari. Alikuwa na koti jekundu la kijeshi alilopenda kulivaa pamoja na kanzu yake, watu wakamcheka kwa mzaha kuwa ni kitu kilichotoka Bulaya, yaani Ulaya. Jina likamng'ang'ania mpaka kaburini. Kuna mzaha wa Mungu hapo, maana yeye mwenyewe hakutoka Ulaya, na kazi yake yote aliifanya kwa kukaa na watu kwa namna ambayo watu wa Ulaya wa siku zile hawakuiweza.

Ubatizo Namirembe

Mwisho wa mwaka 1893 lilitokea jambo mjini Mengo ambalo wazee wa Kanisa la Uganda hulitaja mpaka leo. George Pilkington, kijana aliyekuwa akitafsiri Biblia kwa Kiganda, alirudi kutoka kisiwa cha Kome akiwa mtu mwingine. Alisimama mbele ya Waganda akakiri kwamba alikuwa amefundisha bila nguvu ya kile alichokifundisha. Tafakari mwaka ule: mzungu, msomi, anajishusha mbele ya wanafunzi wake. Mikutano ikaendelea, watu wakamiminika. Kutoka hapo vijana wengi walijitoa kwenda kufundisha katika vibanda vidogo vya kusomea walivyoviita masinagogi, kwanza Buganda, halafu nje ya mipaka yake. Walitumwa na Waganda wenzao na kulishwa na sadaka za Waganda wenzao. Askofu Tucker alishikilia kwamba walimu wa nchi wasitegemee fedha za Uingereza. Wapo waliomlaumu, maana walimu hao waliishi katika umaskini wa kweli. Hata hivyo ndiyo njia iliyomfikisha Apolo mahali ambapo hakuna mshahara ungemfikisha.

Alibatizwa Januari 1895, akachagua jina la Apolo, yule wa Matendo ya Mitume aliyekuwa hodari wa kusema lakini akakubali kufundishwa zaidi na Akila na Prisila, mafundi wa mahema. Karibu na wakati huo mke wake alikuwa amefariki. Apolo hakuoa tena. Katika nchi ambayo mtu mzima asiye na mke alihesabiwa kuwa nusu ya mtu, jambo hili lilishangaza watu kuliko mahubiri. Mwaka huo huo alipelekwa Toro kuwa mwalimu.

Jembe

Huko Toro alisikia habari za Boga. Boga, ambayo wengine huiandika Mboga, iko ng'ambo ya mto Semliki, juu ya ukingo mrefu unaopanda kutoka bondeni, mahali ambapo nchi ya majani inaanza kupakana na msitu wa Ituri. Walioikimbia wanaijua. Mtawala wake alikuwa Tabaro, wa ukoo wa Kihema. Waalimu wawili Waganda walikuwa wamekwenda huko mwaka 1896. Walishambulia hirizi, ulevi na kuoa wake wengi, na Tabaro hakubishana nao. Alikataza tu watu wasiwape chakula. Njaa ikawarudisha.

Inafaa tumtendee haki Tabaro, kwa maana katika masimulizi mengi ya kanisa anaonyeshwa kama mtu mkali tu. Watu wake walikuwa ndugu wa Wanyoro. Mwaka 1896 Kabarega wa Bunyoro alikuwa bado porini akipigana na Waingereza, na Waganda walikuwa jeshi la Waingereza. Akija Mganda na kitabu, mtu mwenye akili angeuliza nyuma yake kuna nani. Tabaro aliuliza. Mimi naona alikuwa na sababu.

Mwisho wa mwaka huo huo Apolo aliomba yeye ndiye aende. Inasimuliwa kwamba kabla ya kuondoka alichukua kauri chache alizopewa za matumizi, akanunua jembe. Alikuwa amesikia waliotangulia walishindwa na nini. Akapita upande wa kaskazini wa Ruwenzori, akashuka katika joto la bonde, akavuka Semliki, akapanda mpaka Boga, na alipofika akaomba mahali pa kulima.

Natamani watu wote wanaofika kwa jamaa nyingine na habari njema wangelisimamia jembe hilo kwa muda. Mwenye jembe halishwi kwa nguvu na wenyeji. Hana pia cha kugawa ili anunue masikio yao. Asubuhi wanamwona na tope miguuni kama wao. Mahubiri ya Apolo ya mwaka wa kwanza hatuna sababu ya kuyasifu sana, maana aliyakataza mambo yale yale waliyoyakataza wenzake, na kwa ukali ule ule. Kilichokuwa tofauti ni kwamba hakuondoka.

Minyororo

Wasomaji wakaanza kupatikana mmoja mmoja, na Tabaro akakasirika. Apolo alipigwa, kibanda cha kusomea kikachomwa. Katika masimulizi ya Boga yuko mwanamke aliyemkuta amepigwa na kuachwa, akamficha na kumuuguza. Jina lake halitajwi katika habari nyingi, lakini bila yeye hatungekuwa na la kuandika. Akina mama wa kambi hii watajua kwamba si mara ya kwanza kazi kama hiyo kufanywa na asiyetajwa.

Mwaka 1898 likatokea baya kuliko yote. Watu walikuwa wakisaidia kujenga kanisa, na miongoni mwao dada yake Tabaro. Akaangukia mkuki, akafa. Haikuwa kwa kukusudia, lakini dada wa mtawala amekufa katika kazi ya mgeni aliyekuwa hatakiwi tangu zamani. Apolo akakamatwa kama mwuaji, akafungwa minyororo, akapelekwa ng'ambo ya mto mpaka Fort Portal, akatiwa gerezani na serikali ya Waingereza. Koti jekundu la zamani halikumsaidia.

Alikuwa amekata tamaa. Katika kipindi hicho cha mateso, yeye mwenyewe alisimulia baadaye, aliona Kristo amesimama karibu naye, mwenye kung'aa kama jua, akimtia moyo asiogope. Msomaji ataamua mwenyewe la kufanya na habari hiyo. Apolo hakuitumia kujikweza, wala hakujiita nabii. Aliisema kama mtu anayesema ni nani aliyemsaidia njiani.

Hatimaye ikaonekana kwamba kifo kile kilikuwa ajali, akaachiliwa. Sasa alikuwa huru Toro, kati ya marafiki, na hakuna ambaye angemlaumu kama angebaki. Alirudi Boga. Alirudi kwa mtu aliyempiga, aliyechoma kibanda chake na kumshitaki kwa damu, wala hakurudi na askari wala barua ya kudai fidia. Tabaro alikuwa na msiba wa dada yake, na huyu aliyekuja alikuja kama mtu anayerudi kwenye matanga ya jamaa yake.

Wengi hutaka kujua ni neno gani lililombadilisha Tabaro. Sidhani lilikuwa neno. Mtawala yule alijua vizuri dunia ilivyo: mwenye nguvu hulipiza, na asiye na nguvu hukimbia. Alimwona mmoja ambaye hakufanya hili wala lile. Akaanza kusoma. Akabatizwa, akaitwa Paulo, na nyumba yake ikawa ngome ya kanisa la Boga. Yule aliyewafukuza walimu kwa njaa akawa mwenyeji wao.

Kasisi na mpaka

Miaka iliyofuata naipitia haraka. Desemba 1900 Apolo alifanywa shemasi, na mwaka 1903 akawekwa wakfu kuwa kasisi. Mwaka 1922 alifanywa kanoni wa kanisa kuu la Namirembe, heshima kubwa kwa Mwafrika wa siku zile. Alikuwa akifika Namirembe kwa shughuli za kanisa, akakaa na wakubwa, kisha akarudi magharibi. Kwa miaka mingi alitumika Toro, akitembea kijiji kwa kijiji. Nyumba yake isiyo na mke ilijaa watoto, yatima na vijana wa kusoma, waliokula alichokula na kulima alicholima.

Sehemu ya sababu ya kukaa Toro muda mrefu ilikuwa mpaka. Boga Apolo aliyoijua ilihesabiwa kuwa upande wa Waingereza. Halafu wakubwa wa Ulaya wakakaa na ramani zao, wakapima, wakakubaliana huko Brussels mwaka 1910, na Boga ikawa Kongo ya Wabelgiji. Mto Semliki, uliokuwa mto tu, ukawa mwisho wa nchi. Watu walilala wakiwa wa serikali moja wakaamka wa nyingine, na mwalimu wao akawa mgeni kwa sheria. Wengi wenu mnajua karatasi inaweza kufanya nini.

Apolo alirudi Boga wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na hapo ndipo alipokaa mpaka mwisho. Mganda, kasisi wa kanisa la Kiingereza, chini ya serikali ya Wabelgiji iliyowapendelea wamisheni Wakatoliki. Hakuwa na mkubwa wa kumtegemea karibu. Nadhani hali hiyo ilimfaa, kwa sababu ilimfanya awe mpole kwa lazima mpaka upole ukawa tabia. Vijana wa zamani waliomkumbuka hawakumsimulia kama mtu wa amri.

Si kwamba kazi yake haikuwa na upungufu. Lugha ya ibada ilikuwa ya Kinyoro na Kitoro, nayo Wahema waliielewa. Majirani wao wa makabila mengine walihesabu kanisa hilo kuwa la Wahema, na hesabu hiyo ilidumu muda mrefu baada ya Apolo kufa. Katika nchi ambayo baadaye, kuanzia mwaka 1999, Wahema na Walendu waliuana kwa maelfu, hatuwezi kulipita jambo hilo kimya. Apolo mwenyewe alikwenda kwa majirani hao na kuwapelekea walimu. Lakini mtu mmoja akifungua mlango, waliomo ndani wanaweza bado kukalia viti vyote.

Watu wa msituni

Mwaka 1921, akiwa na umri wa miaka karibu 57, Apolo aliigeukia kazi ambayo imelibeba jina lake mbali. Aliingia msitu wa Ituri kwa Wambuti. Kiswahili cha zamani kiliwaita mbilikimo, jina ambalo si la heshima, nasi hatulitumii.

Mwenye kutoka huko anajua Wambuti walivyohesabiwa na sisi tuliolima. Waliitwa watu wa fulani, kama vile mbuzi wa fulani. Walileta nyama na asali, wakapewa ndizi na chuma, na bei aliipanga mwenye shamba. Kula nao katika chombo kimoja lilikuwa jambo la aibu. Wakristo wengi wa Boga hawakuona haja ya kuwahubiria, maana hata kama hawakusema kwa kinywa, hawakuwa na hakika kama hawa nao ni watu wa kuhubiriwa.

Apolo aliwaendea. Mwanzoni walimkimbia. Hakuna aliyewahi kuingia msituni kwao bila kutaka kitu, ama nyama, ama pembe, ama kodi, ama wachukuzi. Basi alikaa. Alirudi tena na tena, akaketi chini walipoketi, akalala kambini mwao katika vibanda vya majani, akala walichokula. Kambi inapohama, anaitafuta ilikohamia. Hakuwataka watoke msituni wajenge kijiji ndipo wawe Wakristo, ingawa serikali na wamisheni wengi wa wakati ule waliamini kwamba ni lazima mtu akae mahali pamoja kwanza ndipo afundishwe. Aliwafundisha kusoma, na akafanya kazi ya kutafsiri Injili ya Marko kwa lugha yao. Mzee wa Namirembe, kanoni, amekaa juu ya gogo akimwuliza mwindaji kijana neno hili kwao hutamkwaje! Katika kazi ya namna hiyo mwalimu ndiye mwanafunzi, wala hawezi kujifanya.

Matokeo hayakuwa makubwa kwa hesabu. Miaka kumi na zaidi ilipita, na kabla hajafa wa kwanza wao walikuwa wamebatizwa, wachache. Leo ripoti yenye idadi kama hiyo ingerudishwa na wafadhili na maswali pembeni. Mmisheni A. B. Lloyd, aliyemfahamu tangu siku za Toro, alikuwa ameandika kitabu juu yake mwaka 1923, na watu wa Uingereza walikisoma wakashangaa habari za Wambuti. Nionavyo mimi, waliopaswa kushangaa zaidi ni wakulima wa Boga, waliomwona kasisi wao akitoka msituni na moshi wa kambi ya Wambuti ukiwa bado katika kanzu yake, akaenda moja kwa moja madhabahuni.

Ndugu Waislamu wa kambi yetu, na ninyi mnaotoka makanisa mengine, mwaweza kuuliza habari hii yawahusu nini. Kamati iliuliza swali hilo pia. Mmoja wa wajumbe wetu, ambaye ni Mwislamu, ndiye aliyesema iandikwe. Hoja yake ilikuwa kwamba kila aliye na imani atataka kuisema, wala huwezi kumzuia mtu asiseme lililo jema kwake. Kinachowaumiza majirani ni namna, hasa pale anayesema anaposhika pia daftari la mgao, au funguo za ghala, au kalamu ya kuandika majina ya wagonjwa. Apolo alianza akiwa na bunduki, akamaliza na jembe na kitabu cha Marko. Mfanyakazi yule aliyeuliza habari ya sabuni aliridhika kwamba swali lake limeingizwa katika toleo hili, na Kamati imekubali kulizungumza katika kikao kijacho pamoja na viongozi wa madhehebu yote.

Mwisho wake

Mwaka 1933 Apolo aliugua. Alifia Boga, kati ya watu wake, tarehe 30 Mei. Desturi ilitaka maiti alazwe kichwa kikielekea kwao alikotoka, na kwao Apolo ni mashariki, ng'ambo ya Semliki na Ruwenzori, Buganda. Yeye alikuwa ameagiza alazwe kichwa kikielekea magharibi, kwenye msitu, kwa kuwa huko ndiko kazi ilikobaki. Wakamzika hivyo.

Boga ikawa dayosisi mwaka 1972, ya kwanza ya Waanglikana katika nchi iliyokuwa Zaire wakati huo, na kutoka hapo zikazaliwa nyingine, mpaka Kanisa Anglikana la Kongo likawa jimbo linalojitegemea mwaka 1992. Kanisa hilo lilienea zaidi kwa miguu ya watu wanaohama kuliko kwa mipango ya ofisi. Walivyohama kutafuta ardhi, kazi au usalama, ndivyo walivyojenga kibanda cha kusalia.

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 2021, siku ya kumkumbuka Apolo ilipokuwa inakwisha, watu wenye silaha waliingia Boga na Tchabi, wakaua zaidi ya watu 50, wengi wao wakiwa wakimbizi wa ndani waliokuwa wamelala katika vibanda vya kambi. Siku chache baadaye hospitali ya Boga nayo ilishambuliwa na kuchomwa. Waliosalia walitawanyika. Baadhi yao waliteremka ule ukingo mpaka bondeni, wakavuka Semliki kuja Uganda, wakapita katika njia za Toro ambazo mwalimu wao alizipitia na jembe lake mwaka 1896 akielekea upande wa pili. Wengine wao wako kambini mwetu, na watoto wao husoma katika shule yetu.